Siku moja maishani mwangu: nesi mwenye ilimba mkobani, Dodoma

Saa 11 alfajiri
Mtaa wetu wa Nkuhungu huamka kwa masikio kabla ya macho: adhana, majogoo, kisha pikipiki za wanaowahi sokoni. Wakati chai inachemka mimi navuma. Nafunga mdomo, navuta pumzi kwa pua, halafu naitoa polepole kwa mvumo mmoja mrefu mpaka iishe. Pumzi inayotoka ikiwa ndefu kuliko inayoingia, mapigo ya moyo hupungua na mwili hutulia. Ukivuta mara sita hivi kwa dakika, inatosha. Nawafundisha wagonjwa zoezi hili, na mwenyewe nalihitaji, maana hadi jioni nitakuwa nimesikiliza vilio vingi.

Saa 1 asubuhi
Daladala hadi Jamatini, spika juu ya kichwa changu. Nashuka, natembea kidogo, nafika kliniki. Kwenye karatasi za ajira mimi ni muuguzi wa afya ya akili, basi. Muziki niliuongeza baadaye, kwa kusoma na kwa kuona unavyowasaidia watu.

Kazi ya kwanza ya sauti kila siku ni kupunguza sauti. Mapokezi pana televisheni, na anayeizima huonekana mkorofi, lakini mtu aliyekesha siku tatu bila usingizi hawezi kukaa chini ya matangazo ya biashara yanayopiga kelele. Naishusha hadi isikike kama mazungumzo ya watu wawili. Naomba na simu zitolewe mlio.

Saa 3
Kundi la asubuhi hukaa chini ya mwarobaini: ngoma, kayamba, na ilimba yangu. Wasio wa huku wanaifahamu kupitia marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuipigia dunia nzima. Sisi tumeikuta mikononi mwa babu zetu. Ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma, unavibonyeza kwa vidole gumba, na sauti yake haimshtui mtu.

Leo amekuja kijana mpya. Miguu haitulii, anainuka, anakaa, anainuka tena. Zamani ningempigia kitu laini nikidhani namtuliza. Sasa namuuliza anachokipenda.

"Singeli, dada."

Singeli huenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Basi tukaanza huko huko, kwa ngoma na makofi, kundi zima likicheka na kutoka jasho. Yeye ndiye aliyeshika kayamba na kutuongoza. Tulipokwisha kuwa pamoja naye nikaanza kupunguza mwendo, kidogo sana, kiasi kwamba hakuna aliyeona. Baadaye kidogo tena. Mwisho ngoma ikanyamaza, ikabaki ilimba, na kijana alikuwa ameketi, mgongo umeegemea mti.

Njia hii ilielezwa na daktari wa akili Ira Altshuler huko Michigan, Marekani, miaka ya 1940: anza na muziki unaolingana na hali ya mtu ilivyo, kisha umsogeze taratibu kuelekea unakotaka afike. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Muziki ni wa mgonjwa, si wangu. Mwenye hasira ukimletea wimbo wa amani, anaona hukumsikia.

Mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Chamwino alikuwa kimya muda wote. Nilipopiga mapigo ya muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, alitikisa kichwa: sivyo. Akainuka, akaibana ngoma kwa mapaja kama wafanyavyo akina mama wa Kigogo, akapiga inavyotakiwa. Wanawake wenzake wakaitikia, mmoja sauti ya juu, wengine chini. Faili lake limejaa maneno "hazungumzi, hashiriki". Leo nimeandika mstari mpya.

Saa 5
Wagonjwa mmoja mmoja. Hapa huwa na tahadhari zaidi, kwa sababu muziki unaweza kuumiza. Kuna kaka anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, naye husema nyimbo za redioni zinamsema yeye. Kwake hakuna maneno wala vipokea sauti vya masikioni, ni ilimba tu, tena kwa ruhusa yake, na akisema "basi" naacha hapo hapo. Kuna mama aliyefiwa na mtoto, anarudia wimbo uleule wa msibani usiku kucha. Kulia na wimbo ni haki yake. Ila kuurudia peke yake gizani kulikuwa kunamzamisha, kwa hiyo tumekubaliana auimbe akiwa na dada yake.

Kila mmoja namkumbusha dawa. Muziki hauchukui nafasi ya vidonge vya daktari, na anayekwambia uviache kwa sababu ya ngoma au maombi anakuhatarisha.

Saa 7
Ugali wa mtama na mlenda. Nakula bila redio.

Saa 8
Bajaji hadi Chang'ombe, kumtembelea bibi ambaye kumbukumbu zinampotea. "Mbukwenyi, bibi." Anaitikia vizuri, kisha anamuuliza bintiye, kitinda mimba wake, yeye ni mgeni wa nani. Binti anageuka kufuta macho.

Shida yao kubwa ni kuoga. Bibi anapigana, anaona anavuliwa nguo na watu asiowajua. Nikamwomba binti aimbe wimbo wowote wa kilimo aliowahi kumsikia mama yake akiuimba. Alikumbuka ubeti mmoja tu. Bibi akaudaka na kuendelea nao, maneno yote, huku mikono ikipalilia hewani. Kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer's, unaofuta kumbukumbu, mara nyingi nyimbo za zamani hudumu hata majina ya watoto yakishatoka.

"Nesi, ina maana atapona?"

Hapana, mama. Nilimwambia hivyo, maana matumaini ya uongo ni ukatili. Lakini ukimwimbia unapommiminia maji, hofu itapungua, naye atajua yuko na mtu wa kwao. Anza kuimba kabla hujamgusa, na usikatishe katikati.

Kwenye majumba yetu mengi mgonjwa hufichwa chumba cha nyuma. Mji huu ndio wenye Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na bado jina hilo watu hutupiana kama tusi. Inaniuma. Nikiimba na bibi uani, majirani wakasikia na kuitikia kutoka ng'ambo ya ukuta, nahisi ukuta huo umepungua kidogo.

Saa 10
Mafaili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na ripoti ile nimeitoa kwenye karatasi, naiweka mezani, kwa ajili ya wakubwa wanaouliza ngoma zinahusiana nini na kliniki.

Saa 12 jioni
Mazoezi ya kwaya kanisani, mimi ni sauti ya pili. Watafiti wa Gothenburg, Sweden, walionyesha mwaka 2013 kwamba wanakwaya wakiimba pamoja, mapigo ya mioyo yao huanza kupanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wanavuta pumzi pamoja. Sisi tulilijua kwa mabega.

Saa 3 usiku
Ujumbe wa binti wa Chang'ombe: amejaribu, bibi ameoga bila ugomvi, lakini ubeti wa pili umemshinda. Kuna shangazi yao huko Mvumi aliyelima na bibi ujanani, naye anazijua nyimbo zote. Nimemjibu amlete Alhamisi, na simu yake iwe na chaji ya kutosha kurekodi.