Kompyuta ya mwaka 2015 bado inafaa

Fundi wa gari langu hukagua plagi na kichujio cha hewa kabla ya kuigusa injini, na ninajuta kwamba sikuitendea hivyo kompyuta yangu ya mpakato mapema. Ilipokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka, niliamini kuwa prosesa imechoka. Haikuwa hivyo. Kilichoichelewesha ni diski ya kuzunguka, ambayo kichwa chake cha kusomea hulazimika kuhama huku na huku kutafuta kila faili, ilhali SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina sehemu inayosogea na husoma data kwa kasi kubwa zaidi. Nilibadilisha diski, nikaongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kutoka GB 4 hadi 8, na kusubiri kukaisha.

Programu ndiyo iliyonipa mawazo zaidi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama, pamoja na prosesa mpya kuliko yangu. Nimeweka Linux Mint, mfumo endeshi mwingine usiolipiwa, kwa kuwa ninaona ni ubadhirifu kutupa mashine nzima. Ninachokikosa ni programu yangu ya uhasibu, ambayo sasa ninaitumia ofisini.