Saa kwenye karatasi ya rufaa

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu kubwa ni kusindikiza wagonjwa wa dharura kutoka vituo vya vijijini, upande wa Bahi na Chamwino, hadi Dodoma mjini. Wadogo zangu wanaoanza zamu za ambulansi huniuliza waandike nini wakati gari linarukaruka na mgonjwa ana hali mbaya. Huwa naanza na saa.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba. Kituoni amepewa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti: gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Inayofuata ni gramu 5 baada ya saa 4, na kabla ya kuichoma unahakikisha goti bado linaruka likigongwa, anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, na mkojo unatoka. Sasa afike wodini na karatasi inayosema "amepewa magnesiamu", basi. Anayempokea afanyeje? Akirudia mapema, dawa hiyohiyo inaweza kumkata pumzi. Akichelewa, kifafa kinarudi. Mama wa watu anabaki katikati kwa sababu ya tarakimu nne ambazo hakuna aliyeziandika.

Na iwe saa ya mtindo wa 24. Ndugu atakwambia, "Dada, alianguka na bodaboda saa nane." Ukiandika 8:00, daktari anasoma saa mbili asubuhi, na saa 6 zimeongezeka hapohapo. Traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, majeruhi anatakiwa kuanzishiwa ndani ya saa 3 tangu aumie. Kwa kosa hilo moja anaweza kunyimwa dawa aliyostahili. Muulize ndugu kama ni mchana au usiku; akisema mchana, andika 14:00.

Njiani fomu haiandikiki. Mimi hubandika plasta pana juu ya paja la suruali yangu na kuandika kwa biro: 14:20, presha 90/60, mapigo 124. Mikono ikiwa imebanwa, namuuliza dereva saa kwa sauti, naye hunikumbusha tukisimama. Yote nanakili kwenye fomu kabla ya kumshusha mgonjwa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni majeruhi wa kichwa kuandikiwa kwamba amelewa. Andika ulichokiona: ananuka pombe, anafungua macho akiitwa, maneno yamechanganyika, anafuata maagizo. Kwa kipimo cha Glasgow, kile cha kupima fahamu, hiyo ni 3 ya macho, 4 ya maneno na 6 ya kufuata maagizo, jumla 13 kati ya 15. Weka na saa. Akishuka hadi 9, wenzako watajua hali inabadilika na watatafuta damu kichwani, badala ya kumwacha alale pombe ziishe.

Mkifika, msome karatasi pamoja na anayempokea, mgonjwa akiwa bado kwenye machela. Mpe nafasi akuulize, ndipo usaini.