Siku moja maishani mwangu: seva imegoma, na hakuna kuizima

Saa moja na robo asubuhi. Daladala imekwama Ubungo, simu inaita. Ni dada wa zamu ya usiku. "Kaka, seva ya data imegoma. Nizime niwashe?" Namwomba aiache kama ilivyo mpaka nifike.

Saa mbili na dakika kumi. Kwenye skrini mistari inafukuzana: kadi ya RAID, ile inayoziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, inajiriseti, inarudi, inaanguka tena. Linux, mfumo endeshi wa seva, imeshageuza mfumo wa faili kuwa wa kusoma tu, kwa hiyo hata logi zake, yaani rekodi za matukio, haziandikiki diskini. Zimebaki kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, na nafasi ya dmesg, yaani ujumbe wa kiini cha Linux, ina kikomo: ujumbe mpya ukizidi, wa kale unafutika. Mimi nautaka ule wa kwanza kabisa, si hii inayojirudia. Nachomeka flashi na kuimwaga dmesg yote humo. Uzuri wa flashi, haipitii kwenye kadi mbovu.

Saa tatu kasorobo. Zamu ya kadi yenyewe. Kwa programu ya mtengenezaji navuta hali ya kadi, orodha ya matukio, kisha logi ya ndani ya fimwea, programu inayoiendesha kadi. Hii ya mwisho ukikata umeme huna uhakika wa kuikuta, ndiyo maana "zima uwashe" hunikera. Seva inaweza kuamka vizuri kabisa, halafu usijue kilichoilaza.

Meneja anachungulia mlangoni. "Fundi, bado tu? Wateja wamejaa."

"Dakika ishirini, bosi."

Anaguna, anaondoka. Simlaumu, foleni ni yake.

Nakagua diski moja moja kwa smartctl, programu ya kupima afya ya diski: zote nzima. Naiendesha sosreport, inayokusanya taarifa za mfumo mzima, nikiielekeza iandike kwenye flashi, maana kwingine itagoma. Joto la chipu ya kadi ni nyuzi 104. Hapo nakuna kichwa.

Saa nne kasoro. Programu ya ipmitool inanipa logi za ubao mama, ule unaobeba vifaa vyote vya seva. Feni ya nyuma ilisimama 02:20, wakati kosa la kwanza la kadi kwenye dmesg ni 06:02. Karibu saa nne katikati? Hapana. Ubao unahesabu UTC, saa rasmi za dunia, seva inahesabu saa za hapa, tofauti ni saa tatu. Feni ilikufa 05:20 alfajiri, kadi ikaokwa dakika 42, ikaanguka.

Sasa ndiyo nazima. Feni ya akiba iko stoo, kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Kinachokula muda ni fsck, ukaguzi wa mfumo wa faili.

Saa saba mchana wateja wanahudumiwa. Nafungasha faili zote na kuzituma kwa mtengenezaji, pamoja na maelezo ya saa za ubao na saa za seva, kwa sababu sitaki kadi hii ibaki kazini bila wao kuipima.

Saa kumi jibu linaingia: "Tafadhali tutumie logi."

Nazituma tena.