Nilivyojizoesha Maswali ya Utoshelevu wa Taarifa Nikiwa Dodoma

Maswali ya utoshelevu wa taarifa yana umbo ambalo wengi wetu tuliosoma hisabati katika shule za hapa nchini hatukuwahi kufundishwa. Unapewa swali, chini yake unawekewa kauli mbili, na kazi yako si kutafuta jibu la swali hilo bali kuamua kama kauli hizo zinatosha kulipata. Machaguo ni matano na hayabadiliki: A maana yake kauli ya kwanza peke yake inatosha lakini ya pili peke yake haitoshi, B ni kinyume cha hapo, C ni kwamba zikiunganishwa zinatosha, ingawa hakuna inayotosha ikiwa peke yake, D ni kwamba kila moja inajitosheleza, na E ni kwamba hata zikiunganishwa hazitoshi. Nilikutana na maswali haya nilipoanza kujiandaa kwa mtihani wa GMAT, ambao vyuo vingi vya biashara vya nje huutumia kuchuja waombaji wa shahada ya uzamili, na baadaye nikayaona pia katika mazoezi ya mitihani ya ajira za benki nchini India. Dodoma ni mji ambao vijana wengi huja kwa ajili ya usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na naamini njia niliyoitumia inaweza kuwafaa hata wale ambao mtihani wao si huu wangu.

Mimi ni mhasibu katika ofisi moja ya umma. Naishi Nkuhungu na nafanya kazi Mtumba, kwa hiyo muda wangu wa kujisomea ulikuwa alfajiri kabla ya kupanda daladala, na Jumamosi katika maktaba ya mkoa. Uhasibu humzoesha mtu kuifikisha hesabu mwisho, kwa kuwa vitabu vya mwezi havifungwi mpaka jumla zikubaliane. Maswali haya yanadai nidhamu tofauti kabisa, ile ya kusimama mara tu unapopata hakika kwamba hesabu ingefika mwisho, na kuiacha hapo hapo. Katika muundo wa GMAT ulioanza kutumika Novemba 2023, maswali hayo yameondolewa katika sehemu ya hisabati na kuwekwa katika sehemu ya uchambuzi wa data, yenye maswali 20 ya aina tano kwa dakika 45, yaani dakika mbili na robo kwa kila swali. Katika sehemu hiyo mtahiniwa anaruhusiwa kutumia kikokotoo kilichomo kwenye skrini, lakini nilijiwekea sharti la kutokigusa katika maswali ya utoshelevu, kwa sababu ni nadra kukuta swali la aina hii linalohitaji kukokotolewa hadi tarakimu ya mwisho.

Nilianza na mpangilio. Kabla ya kusoma kauli yoyote nilijiuliza swali linataka nini, thamani moja au jibu la ndiyo au hapana, kisha nikajiuliza ningehitaji kujua kitu gani ili niweze kujibu. Ndipo niliposoma kauli ya kwanza huku ya pili nimeifunika kwa karatasi. Ya kwanza ikitosha, machaguo yanayobaki ni A na D. Isipotosha, yanabaki B, C na E. Baada ya hapo niliifunika ya kwanza na kuisoma ya pili kana kwamba sijawahi kuiona ile nyingine. Hatua hii ya kuisahau kauli ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, maana kauli ya kwanza ikikuambia kwamba x ni namba chanya, akili huendelea kuiona x kuwa chanya hata pale ambapo kauli ya pili haijasema hivyo. Kwa kuwa kwenye kompyuta hakuna namna ya kufunika, baadaye nilihamia kuigawa karatasi ya kazi katika nusu mbili, kila kauli na nusu yake, na sikuruhusu mstari wowote kuvuka mpaka nilipofikia hatua ya kuziunganisha. Katika GMAT kauli hizo mbili hazipingani kamwe. Kwa hiyo kama moja inakupa 5 na nyingine inakupa 7, ujue kuna mahali hesabu imepinda, na ni vyema kurudi nyuma kabla ya kuchagua.

Jambo la pili ni kwamba «hapana» ya uhakika ni jibu kamili. Chukua swali hili: je, namba kamili n ni namba tasa? Kauli ya kwanza inasema n ni kubwa kuliko 24 na ndogo kuliko 28. Kauli ya pili inasema n ni witiri. Kauli ya kwanza inatuachia 25, 26 na 27, na hakuna hata moja iliyo tasa, hivyo tunaweza kujibu swali kwa uhakika kwamba n si tasa. Kauli ya kwanza inatosha. Ya pili inakubali 7, ambayo ni tasa, na pia 9, ambayo si tasa, kwa hiyo haitoshi, na chaguo ni A. Nimewaona watu makini wakiikataa kauli ya kwanza kwa sababu tu jibu lake ni la kukanusha, kana kwamba swali liliomba lithibitishwe. Swali liliomba uhakika, na uhakika tunao.

Kutokana na mfano huo nilijijengea kanuni iliyobeba mazoezi yangu yote: ili kuonyesha kwamba kauli haitoshi, tafuta mifano miwili ambayo yote inaikubali kauli lakini inatoa majibu tofauti. Mifano hiyo miwili inamaliza kazi. Upande wa pili hauko hivyo, kwa maana hata ukipata mifano mingi inayokubaliana bado hujaonyesha kwamba kauli inatosha. Hapo inatakiwa hoja ya kueleza kwa nini jibu jingine haliwezekani. Katika kutafuta mifano nilizoea kujaribu sifuri, moja, namba hasi na sehemu kama nusu, kwa sababu namba za kawaida kama 2 au 5 hufanana mno kitabia. Kwa mfano: je, kipeo cha pili cha x ni kikubwa kuliko x? Kauli ya kwanza, x ni kubwa kuliko sifuri. Ya pili, x ni namba kamili. Kauli ya kwanza inaangushwa na 2 pamoja na nusu, kwa kuwa kipeo cha pili cha nusu ni robo. Ya pili inaangushwa na 2 pamoja na sifuri. Zikiunganishwa zinaondoa sehemu na sifuri, na wengi hapo huchagua C. Lakini 1 bado ipo, na kipeo chake cha pili ni 1 ileile, si kikubwa kuliko yenyewe. Chaguo sahihi ni E.

Swali lililonifundisha zaidi nililitunga mwenyewe baada ya kusoma mengine ya aina yake. Mwanafunzi alinunua madaftari ya shilingi 1,500 kila moja na kalamu za shilingi 400 kila moja. Alinunua madaftari mangapi? Kauli ya kwanza: alitumia jumla ya shilingi 5,300. Kauli ya pili: alinunua jumla ya vitu vitano. Tulifundishwa shuleni kwamba herufi mbili zisizojulikana zinahitaji milinganyo miwili, na mtu anayeitegemea kanuni hiyo peke yake atachagua C bila kusita. Lakini madaftari hayanunuliwi nusu. Ukijaribu daftari moja, zinabaki shilingi 3,800, ambazo hazigawanyiki kwa 400. Mawili, zinabaki 2,300, nazo hazigawanyiki. Matatu, zinabaki 800, sawa na kalamu mbili kamili. Manne yanazidi fedha zote. Jibu ni moja tu, kwa hiyo kauli ya kwanza inatosha yenyewe. Ya pili haituambii lolote kuhusu mgawanyo wa vitu vile vitano, na chaguo ni A. Kisha nikabadilisha jumla iwe shilingi 9,500, nikakuta kwamba kauli ileile imekoma kutosha, kwa sababu daftari moja na kalamu ishirini hutoa jumla hiyo, na madaftari matano na kalamu tano pia hutoa jumla hiyo hiyo.

Tangu hapo kugeuza swali likawa zoezi langu kuu. Nilipomaliza swali lolote la kitabuni sikulihesabu kuwa limekwisha mpaka nilipobadilisha tarakimu au neno moja ili chaguo lihame kutoka A kwenda C, au kutoka C kwenda E. Kazi hii ni ya taratibu, na mtu anayependa kuhesabu maswali aliyoyamaliza ataona inamchelewesha. Kwa maoni yangu inafundisha zaidi ya rundo la maswali mapya, kwa kuwa inakulazimisha kujua ni kitu gani hasa ndani ya kauli kilichoifanya itoshe.

Nilipata msaada mkubwa kutoka kwa mwalimu mmoja wa hisabati wa sekondari ambaye naye hupenda kukaa maktaba Jumamosi. Vitabu vyote nilivyokuwa navyo vilikuwa vya Kiingereza, lakini tulikubaliana kuyaeleza maswali kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, bila kalamu. Nilipomwambia, «Mwalimu, kauli ya kwanza inatosha,» hakuniuliza jibu ni ngapi. Alisema, «Sawa, dada, sasa nionyeshe kwa nini jibu la pili haliwezekani.» Nisipoweza kueleza kwa sentensi mbili au tatu, tulirudi mwanzo. Maelezo hayo ya mdomo yalinifanya nizingatie maneno ambayo macho huyaruka, kama tofauti kati ya «angalau 10», ambayo inaihesabu 10 yenyewe, na «zaidi ya 10», ambayo haiihesabu.

Yeye ndiye aliyenipa swali la mwendo. Basi lilikwenda Singida kutoka Dodoma na kurudi kwa barabara ileile. Wastani wa mwendo wa safari nzima ulikuwa kiasi gani? Kauli ya kwanza, kwenda lilitembea kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa; ya pili, kurudi lilitembea kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa. Hapa mtego uko upande wa pili: mtu anaona umbali haujatajwa, anachagua E. Tujaribu kilomita 240: kwenda saa nne, kurudi saa tatu, jumla kilomita 480 kwa saa saba, yaani takriban kilomita 68.6 kwa saa. Tujaribu kilomita 120: saa mbili na saa moja na nusu, kilomita 240 kwa saa tatu na nusu, na wastani ni uleule. Mifano hiyo miwili peke yake si uthibitisho, lakini ukiandika umbali kwa herufi utaona kwamba unajifuta juu na chini. Chaguo ni C, na umbali haukuhitajika kabisa.

Kutoka hapo nilianza kuzisoma hata takwimu za kazini kwa jicho hilo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini na 2,083,588 katika Mkoa wa Dodoma. Ile ya 2022 ilihesabu 61,741,120 nchini na 3,085,625 mkoani. Je, sehemu ya Dodoma katika idadi ya watu wa nchi iliongezeka? Takwimu za 2022 peke yake hazitoshi, na za 2012 peke yake hazitoshi. Lakini mtu akikuambia tu kwamba katika miaka hiyo kumi mkoa ulikua kwa takriban asilimia 48 na nchi kwa takriban asilimia 37, huhitaji kujua idadi hata moja.

Katika maswali ya jometri sikukaa sana, kwa kuwa kanuni yake ni moja: usiamini mchoro, amini kilichoandikwa. Katika milinganyo niliangalia kwanza kama ya pili si ile ya kwanza iliyozidishwa, kama x + 2y = 10 na 3x + 6y = 30, ambazo kwa pamoja hazikuongezei kitu. Siku ya mtihani mfumo huruhusu kuweka alama kwenye maswali na kubadilisha hadi majibu matatu katika kila sehemu, nami niliihifadhi nafasi hiyo kwa yale niliyochagua C, kwa kuwa ndiko mitego mingi ilikonielekeza wakati wa mazoezi.

Kundi letu la Jumamosi sasa limeongezeka vijana wanaojiandaa kwa usaili, na swali nililowaandalia linahusu mfanyabiashara aliyenunua mahindi katika soko la Kibaigwa. Je, alipata faida? Kauli ya kwanza: kila gunia aliloliuza, aliliuza kwa bei iliyozidi ya kununulia kwa asilimia 20. Kauli ya pili: gharama zake zote za usafiri na ushuru zilikuwa asilimia 15 ya fedha alizonunulia, na hakuwa na gharama nyingine. Asilimia 20 ukitoa 15 inaonekana kuacha faida ya asilimia 5, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba magunia yote yaliuzwa. Akiuza magunia 90 kati ya 100 anapata fedha sawa na bei ya kununulia magunia 108, ilhali ametumia sawa na 115. Kwa hiyo chaguo ni E, na ukiongeza katika kauli yoyote kwamba aliuza magunia yote, linakuwa C.