Leso ya Bibi na Kanda ya Mwaka 2004

Mwaka 2016 Mama mdogo aliniita nyumbani kwake Ngamiani, akanikabidhi kanda ndogo ya Mini-DV iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaniambia kuwa humo imo harusi yake ya mwaka 2004 na kwamba anataka kuiona kwenye simu. Bibi alikuwa ameshafariki, na katika kanda ile ndipo pekee anapoonekana akicheza.

Nilikwenda kwa mzee mmoja fundi wa kamera, mtaani kwetu, ambaye alikuwa bado na kamera inayosoma kanda hizo pamoja na waya wake wa FireWire, ule wa kuhamishia video kwenye kompyuta. Saa moja ya kanda ilijaza takribani GB 13 kwenye kompyuta yangu, kiasi ambacho kwa diski niliyokuwa nayo kilikuwa mzigo mzito. Kwa hiyo, bila kutafakari, niliipunguza picha kutoka mistari 576 hadi 480, nikaigeuza kuwa MP4, kisha nikafuta faili kubwa. Hadi leo sijui haraka ile ilikuwa ya nini.

Mama mdogo aliipokea simu, akatazama kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona umemchana bibi yako kwa kitana?"

Alikuwa amesema kweli. Watu waliokaa walionekana vizuri, lakini kila Bibi alipopunga leso yake, kingo zake zilipasuka vipande vipande na kuacha mawimbi ya mistari, na mkono uliokuwa chini ya leso haukutambulika kabisa. Nilijaribu programu za kuondoa mistari, zikaipaka picha ukungu tu.

Nilirudi kwa mzee nimeinamisha kichwa. "Shikamoo, babu." Aliitikia, akatazama faili, akacheka kidogo, kisha akaiweka kanda kwenye kamera na kuiunganisha na televisheni ya chogo iliyokuwa kwenye kona ya karakana yake. Leso ikapepea laini kabisa, bila jino hata moja. Ndipo alipoanza kunieleza.

Kamera ile, alisema, haipigi picha nzima 25 kwa sekunde kama nilivyodhani, bali hupiga nusu-picha 50, kila moja ikiwa na mistari 288: moja huchukua mistari ya shufwa, na inayofuata, moja ya hamsini ya sekunde baadaye, huchukua ya witiri. Televisheni ya chogo huzichora kwa zamu vilevile zilivyopigwa, ndiyo maana jicho halishtuki. Skrini ya simu huonyesha picha nzima kwa mara moja, hivyo nusu mbili za nyakati mbili hulazwa pamoja, na leso ambayo imekwisha kusogea huonekana mahali pawili. Hapo bado kuna dawa, kwa kuwa mistari haijaguswa na programu inaweza kuzitenganisha nusu zile. Mimi, kwa kupunguza picha kwanza, nilikuwa nimeichanganya mistari ya nyakati mbili kuwa mistari mipya, na baada ya hapo hakuna programu inayojua ipi ilikuwa ya nani. "Uji ukishakorogwa," alisema mzee, "huutenganishi tena unga na maji."

Tuliisoma kanda upya, nikisikiliza kila mkwaruzo wa kamera kwa hofu, maana kanda ya miaka 12 haina uhakika. Safari hii nilizitenganisha nusu zile kwanza kwa ffmpeg, programu ya kushughulikia video, nikitumia kichujio chake kiitwacho bwdif, nikaiagiza itoe picha moja nzima kwa kila nusu, yaani picha 50 kwa sekunde, badala ya kutupa nusu moja na kubaki na 25. Hata hivyo leso ilitetemeka, ikienda mbele na kurudi nyuma kana kwamba Bibi ana homa. Nilikuwa nimeiambia programu kuwa nusu ya juu, yaani ile ya mistari ya witiri inayoanza na mstari wa kwanza wa picha, ndiyo inayotangulia, kwa kuwa DVD nyingi nilizowahi kushughulikia zilikuwa hivyo. Mzee hakuhitaji hata kusogea karibu. "Umepanga nyuma mbele. DV hutanguliza ya chini." Nilibadilisha neno moja katika amri ile, mtetemo ukakoma. Kupunguza ukubwa kulikuja mwisho kabisa.

Jioni nilimpelekea Mama mdogo. Alimtazama Bibi akizunguka, leso ikifunguka na kufunga, kisha akaniamuru nirudishe nyuma kidogo, na tena kidogo. Chini ya leso, mkono wa kushoto ulionekana wazi ukitelezesha kitu kilichofungwa kwa karatasi hadi ndani ya mkoba.

"Halua!" alisema Mama mdogo, akipiga makofi. "Na siku ile alituapia kuwa ni watoto walioimaliza."