Jinsi nilivyolimudu neno "run"

Nilipoanza kufasiri maandishi ya Kiingereza, neno lililonisumbua kuliko yote lilikuwa lile nililofundishwa mapema kabisa darasani: "run", yaani kukimbia. Katika mkataba wa pango niliopewa kuufasiri palikuwa na sentensi "the lease runs for three years", nami nilikaa nayo kwa muda mrefu, maana mkataba haukimbii. Hatimaye niliandika "mkataba huu utadumu kwa miaka 3", lakini wasiwasi haukuniondoka.

Kamusi ilinizidishia mzigo. Wahariri wa Oxford English Dictionary, walipolipitia upya neno hilo, walipata maana 645 za kitenzi peke yake, na sidhani kama kuna mwanafunzi wa kuzikariri zote.

Kilichonifungulia njia ni kitenzi chetu wenyewe, kupiga. Sisi hupiga simu, pasi, kura, deki na mbizi, wala hakuna anayewaza kipigo, kwa sababu nomino inayofuata ndiyo inayobeba maana. Nikaanza kulitazama "run" vivyo hivyo, nikiuliza kwanza ni nani au ni nini kinachotenda, kisha ni neno gani linalofuata. Maji "yaki-run" yanatiririka, pua inatoka kamasi, na rangi ya kitambaa inachuja. Mtu naye, likifuata jina la duka, analiendesha. Likifuata "for" pamoja na jina la cheo, anakigombea.

Vihusishi ndivyo vilivyonichukulia muda mwingi zaidi. "Run out of sugar" nililipenda mara moja, kwa kuwa Kiswahili kina neno moja tu linalotosha: kuishiwa. "Run into" lilikuwa jambo jingine. Ukiambiwa mtu "ran into a friend", amekutana na rafiki bila kutarajia. Ukiambiwa "ran into a tree", amegonga mti. Kitenzi ni kilekile na kihusishi ni kilekile, na bado nomino ndiyo iliyoamua.

Tangu hapo daftari langu halina orodha ya maana. Lina sentensi nzima, nilizozipanga kwa vitenzi vya Kiswahili. Chini ya kudumu, ile ya mkataba ndiyo ya kwanza, na juzi nimeiongezea jirani: "the film runs for two hours".