Carina yangu na pampu iliyosingiziwa

Hatimaye injini ya 4A-FE ya Toyota Carina yangu imeacha kuzimika ikipata joto, na chanzo hakikuwa pampu ya mafuta, ingawa karibu kila fundi aliyelitazama gari aliihukumu pampu hiyo. Asubuhi liliwaka bila shida, lakini mchana, foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, ikikaza huku kiyoyozi kikifanya kazi, lilikata ghafla na kugoma mpaka lipoe.

Lililonishughulisha zaidi ni namna lilivyokata. Injini inayokosa petroli kwa kawaida huanza kumisi na kuvuta kwa shida kabla ya kuzimika, ilhali hii ilikata moja kwa moja kama taa iliyozimwa kwa swichi. Nilifunga geji ya shinikizo kwenye njia ya mafuta, na gari lilipozimika tena nikaunganisha kwa waya pini za FP na +B kwenye boksi la vipimo lililo chini ya boneti, ili pampu izunguke bila kusubiri ruhusa ya kompyuta ya injini. Geji ilisoma psi 40, nayo inatakiwa kuwa kati ya 38 na 44 mpira wa vakyumu wa kirekebisha shinikizo ukiwa umechomolewa. Mafuta yalikuwepo, lakini nilipopiga starta, testa ya cheche haikuonyesha chochote. Niliunganisha pini za TE1 na E1 kwenye boksi hilohilo, ili kompyuta itoe kodi za hitilafu, na taa ya injini ikamweka mara moja, ikatulia kidogo, kisha ikamweka mara mbili: kodi 12, yaani kompyuta haipati mapigo ya mzunguko wa injini.

Hapo ndipo pampu ilipokuwa ikisingiziwa. Rilei yake, yaani swichi inayoipelekea umeme, hushikwa na starta wakati wa kupiga, na injini ikishawaka hushikwa na kompyuta maadamu mapigo hayo ya mzunguko, yaitwayo NE, yanatoka kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Mapigo hayo yakikatika, cheche, nozeli na pampu husimama kwa pamoja, na anayefungua mpira wa mafuta wakati huo bila kupiga starta huona mafuta hayasukumwi na kuagiza pampu mpya.

Koili ya NE, iliyo ndani ya distribyuta na inayotoa mapigo hayo, inatakiwa kusoma ukinzani wa omu 370 hadi 550 ikiwa baridi, na 475 hadi 650 ikiwa na joto. Yangu ilisoma 460 asubuhi, kipimo ambacho hakuna fundi angekitilia shaka. Niliipulizia hewa ya moto kwa drayer ya nywele huku multimita ikiwa imeunganishwa: namba ilipanda taratibu hadi 540, ikarukaruka, kisha sakiti ikakatika kabisa. Nilipoweka kitambaa chenye maji baridi juu ya distribyuta, namba ikarudi. Nilifurahi mno, kwa maana hitilafu niliyokuwa nikiifukuza barabarani sasa niliweza kuiita na kuifukuza nikiwa nimesimama uani.

Kuhusu vifaa, naamini geji ya mafuta na testa ya cheche yenye mwanya wa kurekebishwa ni bora kuliko mashine ya kusomea kodi ya bei kubwa, ambayo kwa gari la umri huu haina hata mahali pa kuchomekwa. Napinga kabisa desturi ya kuchomoa waya wa plagi injini ikiwa inanguruma, kwani umeme usiopata njia unaweza kuua koili ya cheche au igniti, yaani kifaa kinachoiwasha na kuizima koili hiyo.

Distribyuta nyingine niliipata kwa wauza vipuri wa Gerezani. Muuzaji aliniambia, “Kaka, hii ni ya Japani, haina neno,” nami nikamwomba soketi ya umeme nichomeke drayer na kuzipima. Ya kwanza ilikatika ilipopata moto. Ya pili ilitulia kwenye 590, nikaichukua. Niliifunga, nikaunganisha tena TE1 na E1, nikaweka taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwenye nyuzi 10 kabla pistoni haijafika kileleni, na tangu hapo foleni ya mchana haijalizima.

Nilikusudia kusafisha nozeli wiki hii, lakini nimeziacha, kwa sababu sasa nataka kuifungua distribyuta ya zamani na kuisuka upya koili yake kwa waya mwembamba wa shaba, nione kama itahimili drayer ileile.